Sauti Yako Ndani ya Sufuria

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo wangu haujui kuanza vingine.

Mwanao Zuwena ameolewa. Ule wimbo uliomrekodia kwa ajili ya siku ya kusingwa, ulipoona maradhi hayakupi nafasi, umemfikia. Ila nikueleze ulivyofika.

Unakumbuka jikoni kwetu Mtoni, ulivyoitia simu ndani ya sufuria tupu? "Si ndivyo tufanyavyo tukisikiliza redio? Sauti inakuwa kubwa." Nikacheka, nikakwambia sufuria inakuza sauti inayotoka, si inayoingia. "Hebu nipishe huko, wewe na studio yako," ukanijibu. Nikatoka uani, ukaimba.

Ulipotutoka, nikaifungua kazi ile studio. Sikuwa nimelia makaburini wala kwenye hitma, na siku hiyo pia sikulia. Nilivaa hedifoni nikaishughulikia sauti yako kama ya mteja aliyeleta tangazo la duka. Ilikuwa kali, inachoma masikio, na kila ukipandisha sauti, sufuria inavuma. Kwenye ikwalaiza, kile chombo cha kupanga sauti nzito na nyembamba, nikapandisha sehemu moja ndogo ya sauti, nikaisogeza mpaka nikapata pale sufuria inapovuma zaidi, kisha nikaishusha hapo hapo. Nikapunguza makali ya juu, nikaongeza uzito kidogo chini, nikatia mwangwi kama wa ukumbini. Mwisho nikakata yaliyobaki baada ya wimbo, kikohozi chako na vile ulivyoniita nije. Ikatoka safi. Nilichohisi ni njaa tu.

Zuwena akasikiliza mpaka mwisho. "Kaka, anaimba vizuri. Lakini nani huyu?"

Nikamfungulia ile ya mwanzo. Akashika mdomo. "Huyu ndiye mama. Yuko jikoni."

Basi nikaondoa karibu yote niliyoyafanya. Mwangwi nikautoa, sufuria nikaiacha ivume, nikapunguza kidogo tu palipochoma sikio. Kikohozi nacho nikakirudisha, na mwito wako, maana Zuwena alisema nisikate kitu.

Siku yenyewe wanaume hatuingii. Nilishawafungia spika ndani, nikakaa barazani, na huko ndani bibi harusi anasingwa, anasuguliwa liwa ya kunukia mwilini. Ukaimba. Wengine wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Mimi nilikuwa natazama viatu vyao mlangoni, sina hili wala lile. Wimbo ukaisha, ukakohoa, kisha ukaita:

"Nassor! Njoo unizimie simu hii, siijui mie."

"Naam, mama, nnakuja!" nikaitika kwa sauti, nikainuka. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja nilipokumbuka. Nikasimama pale pale, mguu mmoja peku.

Tangu siku ile nalia ovyo, hata mtu akigonga sufuria. Nimekukumbuka mno, mama.

Pumzika sasa. Simu nimeizima.

Mwanao,
Nassor