Chumvi na Mkaa Uani

Jumatatu, 8 Septemba

Majibu yamekuja. Yule dada wa Dar anayetengeneza vitabu vya kusikiliza vya wasioona — sauti yangu kaipenda, matamshi kayapenda, lakini nyuma kuna nyuki. Ndivyo alivyoandika: nyuki. Nirekodi sura ya kwanza upya, imfikie Jumamosi kabla ya alasiri, au kazi atampa mtu mwengine.

Nimevaa hedifoni nikasikiliza. Kweli. Mmmmm, mwanzo mpaka mwisho.

Na hoteli ya Kiwengwa nao wanataka jibu: narudi mapokezi au sirudi. Sitaki kurudi. Miaka sita ya kuwachekea watu waliopoteza funguo yatosha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimezima feni. Nimezima friji, samaki wangu wawili, changu, wakaharibika. Taa zote. Nyuki yupo. Nikichomoa chaja ya kompyuta anatoweka, lakini betri yenyewe mbovu, haifiki dakika tano.

Kisha ajabu. Nimeshika ganda la chuma la maiki — kimya. Nimeachia — karudi. Nimekaa robo saa nashika, naachia, kama mwehu.

Jumatano, 10 Septemba

Kaja Nadir, fundi umeme, nilisoma naye. Hata hajakaa kanionesha soketi: Mwatima, hii nini? Njiti ya ufagio wa chelewa, nimemwambia. Chaja ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu, usipotia njiti tundu la juu itaingia vipi? Kila nyumba hufanya hivyo. Kasema tundu hilo ndilo la ethi, njia ya umeme uliopotea kwenda ardhini, na mimi nimelitia ufagio.

Nimeona haya. Mwaka wa pili huu njiti imo humo!

Kaniwekea waya wa miguu mitatu. Nyuki kapungua, hakuondoka. Basi ugonjwa uko chini, kasema: ile fimbo ya shaba ya nyumba nzima, uani, ardhi yake imekauka. Kesho analeta dawa.

Alhamisi, 11 Septemba

Dawa yenyewe mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe. Nadir kachimba kuizunguka fimbo, katia mkaa, katia chumvi, ndoo mbili za maji, kafukia. Ndiyo ardhi ishike unyevu. Nimepanda mbio chumbani kwangu juu, nimevaa hedifoni. Kimya. Kimya mpaka nasikia nikimeza mate. Nimelia kidogo.

Mara kelele chini. Bi Duni wa chumba cha chini, aliyekaa nyumba hii kabla sijazaliwa, kaona udongo mbichi na chembe za chumvi. Nimeteremka. Shikamoo — hakuitikia. Kauliza nimezika nini mlangoni kwake, na nimemzikia nani. Umeme, nimesema. Umeme na chumvi wapi na wapi, kasema, na goti lake limeanza kuuma leo hii hii.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtaa mzima washajua. Nadir kenda kumueleza, kafukuzwa: eti yeye ndiye mganga mwenyewe aliyenizikia. Kesho Bi Duni anafukua.

Nimerekodi mara tatu. Sauti inatetemeka kwa hasira. Nimefuta zote.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne nimemkuta Bi Duni uani, jembe mkononi. Nilitaka kupayuka, nikajizuia. Nimemwambia: Bi Duni, kabla hujafukua, panda usikilize nilichokizika. Kakubali, labda anatafuta ushahidi. Kapanda na jembe lake, kwa goti lile.

Nimemvisha hedifoni. Kwanza rekodi ya zamani. Kakunja uso: nini hiki, mainzi? Kisha nimewasha maiki nikasoma mbele yake kurasa mbili. Kafumba macho. Niliposita kauliza mbona kimya, imeharibika? Nimemwambia hicho kimya ndicho nilichokizika.

Hakucheka. Kauliza yule mwanamke wa kitabuni, aliyetoka kwao na sanduku — kapokewa au kafukuzwa? Nimesema hilo liko mbele, lasomwa umeme ukiwa safi. Kasema anashuka kuchukua mto wa kukalia, nisianze bila yeye.

Sasa saa tano kasoro robo. Sura bado kurasa kumi na moja. Jembe kaliacha mlangoni kwangu, na nnamsikia ngazini, polepole, anapanda.