Nailoni kwenye Siti ya Bajaji

Mpendwa Bibi Adelina, shikamoo, naomba msaada maana jambo hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia. Mie naendesha bajaji huku Bunju, mke wangu Apolonia ni mwalimu, na tunaishi na mama yake mzazi, ananiheshimu mno, hata meza moja hali nami, anasema mkwe ni mkwe. Mwezi wa pili mama akaanza kulalamika tumbo, na kwa kuwa Apolonia anashinda shuleni mie ndiye nikawa nampeleka zahanati, tena naingia naye mpaka ndani nisionekane nimemtupa mlangoni, daktari akamuuliza kama anatokwa na damu, mama akaniangalia, akavuta kanga, akasema hapana, tumbo tu, na mie nikaongezea, daktari, hivi ni vidonda vya tumbo, alishaambiwaga zamani, tukapewa dawa za vidonda, tukarudi mara tatu, mara zote vidonda.

Sasa Bibi, kosa langu ni hili. Mara ile ya pili, kabla ya Pasaka, nilipomshusha nyumbani nikaona damu kwenye kitambaa cha siti, nikakifua mwenyewe, kesho yake nikanunua nailoni nikafunika siti yote, abiria wakiuliza nasema ni ya vumbi. Mama alipopanda tena akaiona, akakaa, akatazama nje mpaka zahanati. Ningemwambiaje mama mkwe wangu neno lile? Mwezi uliopita, wa nane, Apolonia akakuta kanga zenye damu zimefichwa uvunguni, tukakimbilia hospitali kubwa, wamekata kinyama wakapime, wanahofia saratani ya shingo ya kizazi, majibu ni Alhamisi. Daktari wa huko akauliza damu ilianza lini, mama akasema wiki tatu. Apolonia kila siku ananiuliza, "Baba, wewe ndiye ulikuwa naye, kweli hukuona kitu?" Nasema sikuona. Nikisema ukweli namvunja mke na namwaibisha mama, nikinyamaza usingizi sipati. Nifanye nini?

Revelian, Bunju

Marahaba, Revelian mwanangu. Mie shule sikuiona hata ya dawa, barua yako kanisomea mjukuu wangu Lulu, naye ndiye anayeandika haya ninayosema. Alipofika kwenye nailoni nikamwambia, "Rudia hapo." Akarudia. Nikamwambia weka chini kwanza, niletee maji.

Mtu mbaya si wewe. Wewe ni mjinga wa heshima, na tumejaa, toka huko Bunju mpaka huku kwetu Mtoni. Mama mtu mzima anaulizwa habari za mwili wake, mkwe umekaa umemkodolea macho! Ulitaka aseme nini? Heshima ilikuwa utoke ukae kwenye benchi, aingie na nesi. Halafu udaktari nani alikupa? Ugonjwa umeupeleka una jina tayari, na yule daktari ana foleni mpaka nje, kaupokea ulivyompa. Dawa imeshindwa, imeshindwa tena, hata hukuuliza, "Daktari, hakiwezi kuwa kitu kingine?" Swali hilo halimvunjii mtu adabu.

Nakugombeza huku najigombeza. Marehemu mume wangu Albano alikuwa mchonga vinyago. Alipoanza kukohoa nilimpeleka mie, na kila alichoulizwa nilijibu mie. "Ni vumbi la mpingo, daktari." Albano akanyamaza, ananijua mdomo wangu. Kumbe kifua kikuu, na usiku alikuwa akitoka jasho shuka linalowa, nalianika mwenyewe, sikulitaja. Mpaka leo nikianika shuka namwomba msamaha.

Najua unajiuliza, ungesema wakati ule mama angepona? Sijui, na akuambiaye anajua usimsikilize. Ila Alhamisi haijafika.

Leo hii, kabla ya chakula, mwambie Apolonia, "Niliona." Anza na neno hilo, usianze na vumbi. Atalia, atakununia, huenda akahamia chumbani kwa mama yake. Mwache, ana haki. Halafu aketi na mama, wanawake wawili, mlango umefungwa. Wahesabu kwa sikukuu kama mama hajui tarehe: kabla ya Pasaka au baada, damu nyingi au kidogo, na dawa zote alizokunywa, hata za mizizi, maana sie wa umri wetu chupa haikosekani chini ya mto. Apolonia si mwalimu? Aandike, Alhamisi aende nayo hospitali pamoja na pakiti tupu za zile dawa za vidonda. Ndani aingie yeye. Wakiambiwa majibu bado, asiondoke hajajua ni lini na amuulize nani.

Na aibu ya mama iache. Alijua kuwa unajua siku ile ile alipokalia nailoni.

Ibandue sasa hivi. Alhamisi mama akalie kitambaa, na ukimshusha geuka utazame nyuma. Ukiona kitu, sema.