Jasho la Matofali

3 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kazi ya pasi? Huku tupo salama wote. Baba anakohoa kidogo asubuhi. Yeye anasema ni vumbi, Mama anasema ni ubishi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Jumapili sikuipata. Huwa siipati. Binti yako akishaishika anazunguka nayo uani akicheka, na inapofika kwangu limebaki "haya mwanangu, tutaongea." Silaumu, wewe ni mama yake. Lakini barua ni yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno likikwama kooni lipitishwe kwenye kalamu.

Tangu aje kukaa kwetu Desemba, uwanja mzima wa matofali unamwita Redio. Hata yule mpakiaji asiyemsalimia mtu anamsalimia yeye. Mimi nimezaliwa kwenye uwanja huu, na bado wananiita "wewe binti."

Sasa sikiliza. Serikali imeleta kodi ya moshi. Barua ilikuja kurasa nne, zote kwa ile lugha ya ofisini. Baba akaigeuzageuza, akanipa, nikamsomea mstari kwa mstari kwa lugha yetu mpaka akasema imetosha. Inasema kila tanuri litawekwa daraja kulingana na moshi ambao ofisa atauona kwa macho. Daraja la tatu kodi yake ni kubwa kiasi kwamba Baba anasema afadhali abomoe tanuri auze kuni. Wanasema ni kwa ajili ya kuokoa hali ya hewa.

Mimi siipingi hali ya hewa, Mama Mdogo. Nani anaijua kutuzidi? Mwaka jana mvua ilinyesha mwezi usio wake, matofali mabichi yote tuliyoanika yakarudi kuwa tope, na hakuna ofisa aliyekuja kupima tope. Miaka mitatu tumelipa kodi ya mazingira tukiambiwa yanakuja matanuri ya kisasa yasiyokula kuni. Hatujaona hata picha yake. Na kile kiwanda cha ng'ambo ya mto, chenye bomba refu kuliko mnara wa simu, kimesamehewa miaka kumi kwa kuwa kinaitwa mwekezaji.

Tarehe ishirini kuna kikao cha kusikiliza maoni. Kila tanuri litoe msemaji mmoja na msaidizi mmoja. Niliandika hotuba kwa siku tatu. Niliweka hadi yale maneno ya waasisi tunayoyasema shuleni kila Jumatatu: "Tutasikiliza kwanza, ndipo tuamue." Nikamsomea Baba. Akafuta macho kwa mkono wenye udongo, kisha akasema, "Safi sana. Mpe Redio aisome. Wewe sauti yako haifiki mlangoni."

Nilimpa. Mimi nimeandikishwa msaidizi. Sasa hivi anaifanyia mazoezi uani, na wapakiaji wanasema huyu ana kichwa. Kichwa ni changu. Naona aibu kukuandikia hivi kuhusu binti yako mwenyewe, lakini nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani?

Mwanao


11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, tumezoeana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye pasi, kwa hiyo ukiiona siku moja ina alama ya maji, ni mvuke, si machozi.

Wiki iliyopita hapa hotelini tulikuwa na mkutano mkubwa wa hali ya hewa. Nimenyoosha vitambaa vya meza mpaka vidole vikafa ganzi. Hema lao lilijaa viyoyozi, na jenereta mbili zilinguruma kutwa nje ya dirisha letu la kufulia. Moshi wake ukaingia kwenye mashuka yaliyokwisha kufuliwa, tukayafua upya. Ndani wanajadili moshi, huku nje sisi tunaufua. Nilicheka mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Kuhusu huo wivu, sikugombezi. Ni kama doa: likiwa bichi linatoka, likikauka ndipo shughuli inapoanza. Binti yangu ana mdomo, wewe una maneno. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya kikao kaa karibu naye. Amekulia chumba cha kupanga, moto anaoujua ni wa jiko la gesi. Tanuri halijui. Akikwama, mkwamue.

Mama yako Mdogo


2 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi ni wazima, na mimi ndiyo kabisa, mwezi mzima sijaumwa hata mafua.

Kikao kilipita. Tumewekwa daraja la tatu. Baba amesimamisha kazi, fremu za kufyatulia zimeegemezwa ukutani. Redio alisoma vizuri. Sina zaidi, nina mtihani.

Mwanao


9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ni fupi kama risiti.

Jumapili binti yangu amenieleza kwamba hotuba ilikwenda vizuri, halafu ofisa akauliza swali, akashindwa kulijibu, na ukumbi ukamcheka. Nikamuuliza, "Na mwenzako je?" Akasema, "Alikuwa anaumwa tumbo, Mama, hakuweza hata kusimama." Kisha akaanza kunisimulia habari za paka wa jirani. Mtoto yule hana kawaida ya kukimbia mazungumzo.

Na wewe unaniandikia kwamba hukuumwa hata mafua.

Miaka kumi na mbili nafua nguo za watu. Nikilishika shati najua kama mfukoni kumesahauliwa kitu. Nieleze. Sitakupigia kelele, barua haina kelele.

Mama yako Mdogo


16 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari kwanza, nisije nikapoteza ujasiri katikati ya salamu.

Ukumbi wa kikao una yale maneno ya waasisi ukutani, yamepakwa rangi ya bluu. Wamefunga kiyoyozi juu ya neno "kwanza", kwa hiyo yanabaki "Tutasikiliza, ndipo tuamue." Nilikuwa nalitazama hilo wakati Redio anasoma. Alisoma vizuri, siwezi kusema uongo. Kwenye habari ya tope akashusha sauti, watu wakasogeza viti mbele. Kwenye habari ya kiwanda wakapiga makofi. Kila kofi liliniuma. Nilikuwa nahesabu: hilo langu, hilo langu, hilo nalo langu.

Kisha yule ofisa, ambaye wapakiaji wanamwita Bwana Macho, akauliza, "Na ule moshi mweupe unaofunika barabara siku ya kwanza mnapowasha, mnausemaje?"

Kwenye hotuba sikuandika neno juu ya moshi huo. Si kwa makusudi. Kwetu hakuna anayeueleza, ni kama umweleze mtu kwamba mvua ni maji. Tofali bichi lina maji ndani. Moto ukiwaka linatoa jasho, na jasho linapanda likiwa jeupe. Tunaliita jasho la matofali. Moshi wenyewe ni wa siku ya tatu, tena mwembamba. Mtoto yeyote wa uwanjani angejibu. Lakini tangu Redio aje hatujawasha hata mara moja.

Akasema, "Ule... ni moshi mdogo tu, mzee."

"Mdogo, na unafunika barabara?"

Ukumbi ukacheka. Baba akainuka, akaambiwa akae, hakuandikishwa kusema. Bwana Macho akanitazama. "Msaidizi, una la kuongeza?"

Redio akanigeukia. Sijawahi kuuona uso ule hauna maneno. Na mimi nikaona raha, Mama Mdogo. Raha kabisa, kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya kubeba matofali. Nikatikisa kichwa.

Nyumba nzima inasema ni aibu zangu. Mama ananipoza kwa chai. Baba ameniambia, "Si kosa lako, umeumbwa mpole." Haikuwa aibu. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tayari, nikalifungia mlango.

Kuna jambo jingine. Karatasi ya daraja aliyoitoa kwenye faili ilikuwa imeshapigwa muhuri wa tarehe kumi na tatu. Kikao kilikuwa tarehe ishirini. Niliuona kwa macho yangu alipomkabidhi Baba. Nimejifariji nao sana huo muhuri: hata ningesema, wasingesikia. Lakini nilipotikisa kichwa nilikuwa bado sijauona.

Sijui kwa nini Redio alisema naumwa.

Mwanao, kama bado unataka niitwe hivyo


30 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa makusudi. Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kukujibu siku hiyohiyo, na ningekujibu kama mama wa Redio. Nimesubiri mpaka niweze kukujibu kama mama yako mdogo.

Waliupiga muhuri kabla ya kusikiliza. Hilo ni kosa lao, na usilisahau, maana maneno yaliyo ukutani si pambo, watu walifungwa kwa ajili yake. Ulinyamaza. Hilo ni kosa lako. La kwao halifuti la kwako.

Sasa na mimi nikuambie kitu ambacho mama yako hakijui. Nikiwa kwenye simu namsikia anamwita binti yangu, "Njoo ule." Naiweka simu mbali na sikio. Mimi nilimzaa, mwenzangu ndiye anayemwona akila. Mwezi wa kwanza, tukiwa tunaongea, mama yako aliita kutoka jikoni, na binti yangu akaitika, "Abee Mama." Siku ile niliunguza shati la mgeni, kola nzima. Kwa hiyo usidhani unamwandikia mtu msafi.

Fanya mambo mawili. La kwanza, mwambie Redio mwenyewe, kwa mdomo, siyo kwa karatasi. La pili, uliniambia barua ya serikali ina kurasa nne. Mambo uliyonisimulia hayajazi hata kurasa tatu. Hapa kazini nimejifunza kwamba haki ya mtu wakiamua kuiandika huiweka mwisho, mahali ambapo msomaji ameshachoka. Isome ya nne.

Bado ni mwanangu, usiniulize tena swali la kijinga.

Mama yako Mdogo


19 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujambo na mgongo wako? Sisi hatujambo, na safari hii nasema kweli.

Ukurasa wa nne unasema mwenye tanuri anaweza, ndani ya siku sitini tangu apewe daraja, kumtaka ofisa aje aone tanuri likiwashwa. Niliandika ombi kwa lugha yao, Baba akaweka sahihi, Bwana Macho akapanga tarehe kumi na tano.

Redio nilimwambia tukiwa tunapanga matofali ndani ya tanuri, ili nisimtazame usoni. Akaendelea kupanga. Kisha akasema, "Nilijua. Uliinua kidole hivi, ukakishusha."

"Sasa kwa nini ukasema naumwa?"

"Ningemwambia nini Mama? Kwamba dada yangu hanipendi?" Akapanga mengine mawili. "Na wewe, unauonea wivu mdomo huu? Uchukue, unaniletea matatizo tu."

Nilicheka huku nalia, na vumbi likaniingia puani, ikawa balaa.

Bwana Macho alikuja na viatu vyeupe. Moto ulikuwa umeshawaka tangu alfajiri na jasho limejaa barabarani. Redio alisimama nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili asinisaidie. Nilichukua sahani nyeupe ya bati, nikaifuta mbele yake mpaka ikakauka, nikapanda ngazi na kuishikilia juu ya tundu la tanuri. Niliposhuka ilikuwa inachuruzika. Tone moja liliangukia kiatu chake.

Nikasema, "Mzee, huo ndio moshi uliotuwekea daraja la tatu. Pitisha kidole."

Akapitisha. Akakitazama kidole, kisafi. Akakinusa. "Fomu haina nafasi ya maji," akasema. "Ina moshi mwingi, moshi wa wastani na moshi mdogo."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Kwenye ukumbi wenu kuna neno limefunikwa na kiyoyozi. Unalijua ni lipi?"

Akapekua fomu yake.

"Kwanza," nikasema. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Baadaye alisema alinisikia vizuri kutoka kule.

Bwana Macho akaigeuza fomu, akaandika nyuma yake kwa mkono: "Siku ya kwanza ni maji, nimeona." Akatia sahihi. "Huko juu wakiigeuza karatasi, wataona," akasema. Akaahidi kurudi siku ya tatu kuutazama moshi wenyewe. Hakurudi. Juzi nilikaa kwenye kigogo kutwa nikitazama barabara. Redio alikaa na mimi, na kwa saa nzima hakusema kitu, nikadhani sasa ndiye anayeumwa tumbo.

Jibu halijaja, na sina hakika kama litakuja. Ng'ambo ya mto bomba linatoa wingu lake kama kawaida na hakuna aliyelipelekea sahani. Lakini Baba amezishusha fremu, anafyatua. Anasema atafyatua mpaka waigeuze karatasi.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Jana Redio aliwasimulia wapakiaji habari ya sahani, akaisimulia vizuri kuliko ilivyotokea, na makofi akapigiwa yeye. Nililihisi lile doa. Ila lilikuwa bado bichi.

Barua zilikuwa kitu changu peke yangu kwako, unajua. Redio hajawahi kukuandikia kwa sababu anasema mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye tope. Leo nimemwachia nusu ya ukurasa huu, hapo chini. Nimempa na kalamu yangu. Akimaliza ataikunja mwenyewe ampe dereva wa lori, na mimi sitasoma alichoandika.

Nimekaa nimegeukia dirisha. Anaandika polepole, na ameshanicheka mara mbili kwa kuwa anajua kwamba natamani kugeuka.

Wanao