Ghorofa Yetu na Udongo wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaja maabara! Kavaa kama anakwenda harusini, mkononi kapu limefunikwa kitambaa safi. Ndani — udongo wa kiwanja chake. Anataka niupime kama utabeba nyumba ya ghorofa. Chini yeye, juu mimi na mke wangu. Nimeupokea kwa mikono miwili. Chumba tunacholala sasa kinapakana na chake. Akipiga chafya namwambia "afya, Mama" bila hata kuinua sauti. Ghorofa hiyo naitaka kuliko anavyoitaka yeye.

Jumanne, 4 Machi

Udongo mzuri ajabu. Nimeuchanganya na maji, nikauweka kwenye kibakuli cha shaba na kukigongagonga nione unavyoshikana. Haunati kabisa! Wa kuogopa ni ule unaonata: unakunywa maji mengi, ukibebeshwa nyumba unashuka. Huu hauna makuu. Jioni nimetangaza mezani: nyumba haitatitia hata unene wa kidole. Mke wangu kachagua rangi ya mapazia papo hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kiwanjani. Fundi mwashi keshachimba msingi. Nikachungulia — udongo mweusi! Juu nyufa, chini unanata kama ulimbo. Kiatu changu kimoja kimebaki humo. Huu si ule. Nikamuuliza Mama, aliyekuwa hapo akimsimamia fundi, kwa adabu zote, ule wa kwenye kapu aliuchota wapi. Kwa jirani, anasema, wala hana wasiwasi. Wake mchafu, una harufu. Aniaibishe mbele ya wenzangu kazini? Tena aliuchekecha. Fundi kageukia pembeni, mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechukua udongo mwenyewe, bonge zima, kwa bomba la chuma. Kibakuli kimesema nilichokiogopa: kwa makadirio, nyumba itatitia upana wa kiganja, na upande mmoja zaidi ya mwingine. Lakini kibakuli ni cha kukisia tu. Kwa hiyo bonge nimeliweka kwenye pete ya chuma, ndani ya maji, nikalibebesha mawe ya mizani. Sindano ya kipimo inaonyesha linavyoshuka. Kila mzigo unataka siku nzima, na fundi anamwaga zege Ijumaa!

Mke wangu: si ulisema kidole? Nikamjibu, kidole cha jirani. Hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Inashuka. Nimeongeza mzigo — inashuka tena. Nimefikiria, kidogo tu, kuisoma sindano kwa jicho moja. Lakini huyu mama ndiye atakayelala chini yetu. Siwezi. Nampenda, hata na chafya zake.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapahapa maabara, nikijifanya nanakili vipimo.

Mama kaja kujionea. Nimetoka kumtafutia kiti, kurudi — kaondoa jiwe la juu! Kalipakata kama mtoto. Eti udongo unateseka, kaupunguzia. Nimepiga kelele, kelele za adabu. Kazi yote imeharibika! Yeye hata hanisikii, kaikodolea macho sindano. Imeacha kushuka. Imerudi juu kidogo.

"Kwa hiyo, mwanangu, shida ni huu mzigo wa juu?"

Nimesema ndiyo, Mama. Ningesemaje? Ndio ukweli wenyewe.

"Basi tuutoe! Tukae chini sote. Namwambia fundi leo, vyumba viwili, vipakane. Nikiumwa usiku nigonge tu ukuta."

Na huyu hapa mke wangu anaingia, kakumbatia kitambaa cha mapazia. Mama anamwita aje haraka, mumewe kaiokoa nyumba! Mke wangu anafurahi. Anauliza, kwa hiyo ghorofa yetu iko salama?

Mama analibembeleza jiwe lake. Wote wawili wananitazama mimi. Naandika namba ambazo hazipo, kwa bidii, na mke wangu anasogea kuchungulia naandika ni—