Mbegu Isiyolika Wala Kupandika

Baba Kendi wangu,

Asubuhi hii nimefanya jambo ambalo ningekuuliza kwanza kama ungekuwepo. Nimechukua mbegu yote ya viazi iliyobaki nikaiweka kwenye udongo mkavu. Mvua haijanyesha na hakuna dalili yake. Mbegu hii ikifa hatuna nyingine, na sina mtu wa kuniambia kama nimekosea. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka uliponileta hapa Kibirichia kutoka kwetu Runyenjes? Sisi tulijua kahawa na majani chai. Viazi nilivijua ndani ya sufuria tu. Siku moja, kabla ya kupika, ulinipeleka shambani, ukapiga magoti kando ya tuta na kuingiza vidole pembeni mwa shina, polepole, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Ukatoa viazi vichache, ukarudisha udongo na kuupigapiga kwa kiganja. "Usiongee kwa sauti," ukaniambia. "Tusimwamshe mama yao." Nilicheka mpaka nikakaa matopeni na gauni langu jipya. Kesho yake nilirudi kuuangalia ule mmea. Haukuwa umenyauka hata jani.

Ulinifundisha hivyo, kwa mikono na mzaha. Samadi ya ng'ombe kwanza, kila mfereji, hata kama mgongo unauma. Kupandisha udongo kwenye tuta mara mbili. Na mbegu nzima. Majirani walikata mbegu vipande ili itoshe shamba kubwa, wewe ukakataa. "Kiazi kizima kinasafiri na chupa yake ya maji," ulikuwa ukiwaambia, nao wakakuita bwana chupa.

Msimu uliofuata mazishi yako nilifanya yote isipokuwa moja. Ng'ombe tulikuwa tumewauza ukiwa hospitali, kwa hivyo samadi haikuwepo. Nilipanda na mbolea ya dukani peke yake. Viazi vilipotoa maua, mvua ikakatika, wakati ule ule kiazi kinaponenepa huko chini na kutaka maji kuliko wakati wowote. Udongo wetu, bila samadi, haukushika hata umande. Majani yalilala kila mchana, na kila asubuhi yalichelewa zaidi kuamka.

Halafu mvua ikaja, kubwa, imechelewa. Mama yako alipiga vigelegele hapo uani. Kanisani tulitoa shukrani. Kumbe viazi vilikuwa vimeshasimama kukua, na sasa vilianza upya, kila kimoja kikiota kingine ubavuni.

Siku ya kuvuna, yule mnunuzi wako wa lori alimwaga gunia la kwanza chini akainama kutazama.

"Mama Kendi, hivi viazi vyako ni waru kweli ama ni tangawizi?"

Kijana wake wa kupakia akaokota kimoja akakiinua juu. "Boss, hii imebeba mtoto mgongoni!"

"Hata wewe ulibebwa," nikamwambia, na wote wakacheka, hata mimi. Kisha mnunuzi akajipangusa mikono kwenye suruali. "Pole, mama. Sokoni watanirudishia." Akapanda lori. Nilisimama pale mpaka sauti ya injini ikapotea, bado nimeshika mdomo wa gunia.

Tulikula vile viazi wenyewe. Upande mmoja uliiva ukawa kama unga, upande mwingine ukabaki mgumu na wa majimaji. Kendi aliutoa mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula bila kusema lolote. Yuko gredi ya pili, Baba Kendi. Ningependa alalamike.

Vile vichache vilivyokuwa na umbo zuri nilivitenga viwe mbegu. Nilivipanga kwenye rafu ulizojenga stoo, pale mwanga unapoingia, ili vichipue vifupi na vyenye nguvu. Nikangoja mvua. Maji ya bomba ya mradi wa kijiji sasa yanakuja kwa zamu, na tumekatazwa kuyapeleka shambani. Wiki baada ya wiki mbegu ilinywea. Ngozi yake ikakunjamana. Ikawa kijani, kama mbegu yoyote inayokaa kwenye mwanga.

Juzi unga uliisha. Mama yako alisimama mlangoni pa stoo kwa muda mrefu.

"Tuchemshe hizo."

"Zimekuwa kijani, mama. Zina sumu, zitatuumiza."

"Na njaa haiumizi?"

Nilienda kwa jirani kuomba unga, na alinipa, lakini alichota akiwa amenipa mgongo nisione kilichobaki kwenye debe lake.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa, na chakula nisichoweza kupika na mbegu nisiyoweza kupanda, vyote kitu kimoja, kikinifia mikononi. Leo nikaona afadhali ife shambani kuliko ife stoo. Jembe lilipogusa ardhi, vumbi lilipanda mpaka machoni. Kendi alikuwa nyuma yangu akiziweka mbegu moja moja, macho ya kiazi yakitazama juu.

Wewe ulizoea kuvua kofia na kusema sala kabla ya mbegu ya kwanza kufunikwa. Leo ilikuwa zamu yangu. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyokuja ni yale mchungaji aliyoyasema juu yako: udongo kwa udongo, mavumbi kwa mavumbi. Nikanyamaza katikati, sikuweza kwenda mbele wala kurudi.

Kendi akadhani nimemaliza. Akasema, "Amina," akaanza kufukia.

Kama huko uliko mtu anaweza kuomba, tuombee maji. Usituombee kitu kingine.

Wako, niliyebaki na jembe lako,

Mama Kendi