Pipa la Bluu Limestaafu

Jumanne, Njoro. Baridi ya kukata masikio, na mvua bado imekataa.

Wananchi wenzangu, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba pipa la bluu nyuma ya jikoni limestaafu leo asubuhi. Limetumikia taifa la wanawake wawili kwa uaminifu.

Kwa wasiolijua: tangu hedhi ikome, miaka miwili sasa, mwili wangu huwaka ghafla kama jiko la makaa lililopulizwa. Kanisani nimejipepea na bahasha ya sadaka mpaka mchungaji akadhani nampungia. Jirani yangu Mama Chebet ndiye aliyeleta habari ya maji baridi, yale yaliyolala nje. Mmoja anaingia ndani ya pipa na leso yake, mwingine anakaa kwa kigoda na chupa ya chai, kumwangalia asizimie. Hakuna kuingia peke yako. Kama inatibu sijui, ila nikitoka hapo natulia.

Baba Shiro, mume wangu, hupita akienda kukamua.

"Hao viboko wameamka?"

"Mzee, pita na ndoo yako," Mama Chebet humjibu.

Leo niliingia, nikatoka mbio. Nikasema baridi imenishika mgongo. Kisha nikapindua pipa zima, na kiangazi hiki! Mama Chebet alitazama maji yakienda. Hakucheka.

"Sasa sukuma wiki bustanini itakunywa nini?" Baba Shiro akauliza.

Nikamwambia pipa lilikuwa na viluwiluwi.

Halikuwa na viluwiluwi.

Jioni Mama Chebet alirudi, akakataa hata kuketi.

"Mama Shiro, leso yako umeianika wapi?"

Leso iko ndani ya beseni, chini ya kitanda.

"Basi kesho asubuhi tunaenda hospitali. Wewe utaingia kwa daktari, mimi nitakaa kwa kigoda."

Haya, ukweli wenyewe. Haikuwa baridi. Ilikuwa damu. Wiki iliyopita niliona doa, nikajiambia maji baridi yatalikausha, kama vile tunavyoweka kitambaa baridi kwa mtoto anayetoka damu puani. Leo ilitoka nyingi, ikasambaa majini mbele ya macho yangu, na nikalipindua pipa ili rafiki yangu asione. Alikuwa ameona.

Naogopa, jamani.

Baba Shiro yuko sebuleni na redio yake. Naenda kumwambia sasa hivi, kabla sijapata kiluwiluwi kingine.