Makombo Kwenye Diski ya Mama Otieno

Alhamisi. Jua la Kisumu limetuchoma tangu asubuhi, kisha alasiri mvua ikamwagika kutoka ziwani bila hata kupiga hodi. Nina furaha ambayo nisipoiandika nitapasuka.

Ngoja nianze vizuri.

Kazi yangu ni kuhariri video hapa Kondele: harusi, mahafali, na zaidi ya yote mazishi. Asubuhi alikuja Mama Otieno kutoka Katito, diski yake ameifunga ndani ya leso kama mtu aliyebeba mayai. Mume wake alizikwa mwaka jana. Keshokutwa kuna ukumbusho, na Otieno, kifungua mimba wake, anatua kesho kutoka Qatar. Hakumzika baba yake. Mwajiri alimnyima ruhusa. Mama anataka akae na watu wa nyumbani, waone mazishi yote kwenye runinga, mwanzo hadi mwisho.

Shida ni kwamba aliyepiga video aliiacha vipande vipande. Kipande kikiisha runinga inasimama, na mtu yuko katikati ya hotuba. Kazi yangu ilikuwa kuviunga viwe kitu kimoja, kwa sharti moja tu.

"Usikate mtu, nyathina, mtoto wangu. Kila mtu aliongea, aonekane ameongea."

Kwetu hilo si ombi, ni sheria. Mtu akishika kipaza sauti kwenye mazishi haachii upesi, na ukimfupisha kwenye video utamsikia mwaka mzima.

Basi nikaunga, Mama ameketi kando yangu, mpaka nikafika kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mzee huyo alisimama kando ya jeneza akauliza kwa sauti, "Mtoto gani hazikangi baba yake?" Watu wakainamisha vichwa. Nikasimamisha video. Nikamwambia Mama kwamba hapo naweza kuruka, hakuna atakayejua. Akasema aachwe, maana akikatwa atadai ametukanwa na ugomvi utaanza upya.

Lakini niliona anavyoiogopa Jumamosi. Otieno atayasikia maneno yale akiwa amezungukwa na ukoo mzima, na hakuna wa kumjibia.

Akaenda soko la Kibuye kutafuta sufuria za ukumbusho, akaniachia diski.

Video yangu ilipokamilika, diski ikaikataa. Nafasi ilikuwa tele! Tatizo ni kwamba ilipangwa kwa mfumo wa zamani, FAT32, ambao haubebi faili moja inayozidi gigabaiti nne, na yangu ilikuwa imenenepa kupita hapo. Fundi yeyote wa mtaa huu angeniambia nifomati diski, nifute kila kitu na kuanza upya. Nilikaribia. Ila humo mlikuwa na picha za wajukuu, na kompyuta yangu ilishajaa, singeweza kuzihamisha. Isitoshe mimi ni mbishi. Ipo amri inayogeuza diski kutoka FAT32 kwenda NTFS, mfumo mpya unaobeba faili kubwa, bila kufuta kitu. Nikaiandika, nikabonyeza, nikakunja mikono kama bosi.

Ikagoma.

Kompyuta ilisema diski ina makosa, ikaguliwe kwanza. Nikajaribu tena, kana kwamba ingenionea huruma. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha tundu. Wapi! Nikampigia Mama kumuuliza kama diski iliwahi kuzimikiwa ghafla, naye akacheka. Kumbe mpwa wake aliwahi kuhamisha vitu vya simu ya marehemu kwenda kwenye diski, kwa laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani, stima ikitoka kwa genereta. Petroli ikaisha katikati ya kazi. Na simu yenyewe baadaye ilitumbukia chooni. Walifungua diski, wakakuta vitu vya simu havimo, wakakubali vimepotea.

Basi nikaanzisha ukaguzi. Ulipofika mbali ukaniuliza: kuna vipande visivyo na mwenyewe, je, vigeuzwe viwe mafaili? Wengi hujibu hapana. Ni makombo ya diski, yanajaza nafasi tu. Lakini mimi ni mmbea hata kwa mashine, siwezi kupita kitu bila kuchungulia. Nikajibu ndiyo.

Yakatoka mafaili machache yenye namba badala ya majina. Nikaanza kuyafungua kama video, moja baada ya jingine. La kwanza likagoma. La pili likatoa mlio mbaya na kufa. La tatu likafunguka.

Mzee akatokea. Hai!

Nilimjua kwa ile picha iliyowekwa juu ya jeneza. Amesimama zizini na kofia yake, anamwelekezea kidole ng'ombe. "Otieno, wuoda, mwanangu, ona huyu, amezaa." Akamsifu ndama, miguu yake, rangi yake, mpaka nikadhani hiyo ndiyo habari yote. Kisha akakohoa, akaikaribia simu.

"Hii ugonjwa inanisumbua. Nikienda kabla urudi, usiache kazi ukimbie. Mtu akikuuliza, mwambie ni mimi nilikutuma huko."

Nilipiga kelele. Fundi viatu wa mlango wa pili alinijia na nyundo mkononi akidhani nimevamiwa.

Sijawahi kunakili kitu kwa haraka hivyo. Kwenye kompyuta, kwenye simu yangu, kwenye fleshi. Nilifuta hata harusi ya binamu yangu ili nafasi ipatikane, na anisamehe. Hapo ndipo nilipothubutu kurudia ile amri. Safari hii diski haikuleta ubishi. Asilimia zikapanda, nami nimesimama nikizitazama kama mtu anayesubiri penalti. Ilipoandika kwamba imemaliza, nilicheza peke yangu katikati ya chumba. Nilifungua picha za wajukuu: zote zipo.

Mama akarudi ameloa, sufuria kichwani. Nilimvutia kiti nikabonyeza.

Kwanza alicheka. "Huyo ng'ombe alinisumbua!" Kisha sauti ya mzee ikabadilika. Mama akaweka kiganja juu ya skrini, palepale penye shavu. Ilipoisha akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena. Nilikuwa nalia zaidi yake, na sikuona aibu. Akaniambia mzee hakuwahi kuituma, Otieno hajaiona.

Nilimuuliza kama niweke kipande hicho mwanzoni, kabla ya hotuba zote, ili Otieno akisikie kwanza. Mama alitikisa kichwa, akajipangusa uso.

"Mwenye boma anaongeanga mwisho. Weka yeye mwisho. Akimaliza, hakuna mtu anaongeza."

Shemeji atasema yake yote, neno kwa neno, hajakatwa hata pumzi. Wengine nao watasema. Kisha marehemu, kaka mkubwa wa shemeji, atasimama zizini mwake na kuifunga hotuba.

Nimemuunga mwisho. Faili lote limeingia kwenye diski, na nimelijaribu mara mbili kwenye runinga yangu. Linakwenda bila kusimama.

Mama alipokuwa akijifunga leso kuondoka nilimwuliza kama tumpigie Otieno sasa hivi. Simu yangu ilikuwa tayari mkononi, nilikuwa natamani mno kuisikia sauti yake.

"Wacha," akasema. "Aambiwe na baba yake."

Sasa nakuuliza, moyo wangu: utatulia vipi mpaka Jumamosi?